Ufunguo Niliomnyima Mukubwa

Ninyi mnaoshika baruti leo, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu kwenye kariere, machimbo yetu ya mawe. Siku ya kuniaga mlinipa kalamu ya bluu ndani ya kisanduku chenye utepe, na nadhani mlikuwa mnanichokoza, maana mnajua mkono wangu ulizoea mti wa kushindilia udongo kuliko kalamu. Haya, nimeitika. Nitaandika Kiswahili cha vitabu kadiri niwezavyo, kile ambacho babu zangu walikuja nacho kutoka Kasongo pamoja na mizigo yao ya chumvi na vitambaa. Kikinishinda nitaandika kama tunavyosema hapa Kolwezi, nanyi mtanielewa tu. Juu ya vyeo sitasema lolote, kwa sababu vilikuwa vichache. Juu ya mshahara pia sitasema, kwa sababu mnaujua.

Najua mnachotaka kusikia ni ile siku ya Mukubwa. Mtaisikia kwa zamu yake. Mtu hawezi kuelewa kwa nini nilikaa na ufunguo siku ile kama hajui ufunguo ule ulitoka kwa nani.

Baba yangu alikuwa na lori la mizigo, Kolwezi mpaka Dilolo, na alitaka mimi nirithi usukani. Shida ilikuwa moja: nilitapika njia nzima, kwenda na kurudi. Baba alivumilia kwa muda, halafu akamwambia mama, "Huyu mutoto utamutafutia kazi yenye haitembei." Ndivyo nilivyofika kwenye kariere. Niliingia kwenye kazi ya kuvunja milima kwa sababu ya tumbo, si kwa sababu ya ushujaa.

Nilikabidhiwa kwa Tata Kabemba, fundi baruti. Alikuwa mwembamba, mrefu, anavuta tumbako ya pua na kupiga chafya kwa sauti ambayo wengine walisema ingetosha kuvunja jiwe bila baruti. Siku ya kwanza sikuona hata baruti yenyewe. Nilipewa lundo la udongo mwekundu na maji, nikaambiwa nifinyange soseji za udongo, ndefu kama mkono, za kuziba midomo ya matundu. Nilifinyanga mpaka jioni. Tata Kabemba akaja, akachukua moja, akaivunja katikati, akaiona ina kijiwe ndani. Akazivunja zote. "Kijiwe hiki kinaruka, kinaingia mu jicho ya mutu," akasema. "Kesho utaanza tena." Nilimchukia, wallahi. Kesho yake nilichekecha udongo kama mama anavyochekecha unga.

Kwa wale mtakaoonyesha maandishi haya kwa wake zenu, kazi yenyewe ni hivi. Mwamba unatobolewa matundu marefu kwa mashine. Kila tundu linatiwa baruti, na ndani ya baruti unatia detonateri, kale kamrija kadogo kanakowasha. Kutoka kila tundu unatoka waya. Nyaya zote zinaunganishwa na kwenda mbali, mpaka kwenye sanduku. Sanduku lina kitufe, na pembeni yake lina tundu la ufunguo. Bila ufunguo, hata ukibonyeza kitufe mpaka kidole kiote sugu, hakuna kitakachotokea. Mwenye ufunguo ndiye fundi baruti. Wengine wote, wawe wakurugenzi au maingenieri, ni wageni wake kwa muda ule.

Tata Kabemba aliuvaa ufunguo shingoni kwa kamba, chini ya shati. Mkewe, Mama Feza, alikuwa akiifua ile kamba kila Jumapili kwa sabuni, na siku hiyo ufunguo unalala ndani ya bakuli lake la kupakulia bukari, ugali wetu. Nilikula kwao mara nyingi nikauona pale, na hakuna mtu aliyethubutu kuugusa, hata watoto.

Alikuwa na desturi ambazo sisi vijana tulizicheka. Kabla ya kulipua, alihesabu watu kwa midomo yao. Hakukubali mtu ainue mkono. "Mukono inaweza kuwa ya mutu mwingine," alisema. Kila mtu aitwe jina, ajibu kwa sauti yake. Na yeye mwenyewe alishuka, akatembea pembeni ya eneo lote, akaangalia kwa macho yake kama ni patupu, ndipo akapanda tena kwenye sanduku. Hakukimbia hata siku moja. Mara moja mkurugenzi alipiga simu ya ukutani, wakati ule simu zilikuwa bado za kamba, akamwambia aharakishe kwa sababu wageni wake wanangojea chakula. Tata Kabemba alisikiliza kwa heshima, akasema "Ndiyo, shefu," halafu akauacha mkono wa simu uning'inie kwenye waya wake, ukiongea peke yake, akashuka kutembea kama kawaida. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, "Ule iko mu telefone. Anaona nini?"

Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote.

Alipostaafu alinivua kofia, akanivisha kamba ile shingoni mbele ya wenzangu, bila hotuba. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mama Feza alibaki, akaanza kuuza bukari na samaki wakavu kwa wachimbaji, na siku ambazo biashara ni mbaya alikwenda kuosha mawe ya madini kama wanawake wengine, na beseni lake la kijani.

Nilikuwa na ufunguo ule kwa miaka mingi. Nilikutana na matundu yaliyogoma, na hayo ndiyo yaliyofanya nywele zangu zikawa nyeupe. Unabonyeza, mlima unaruka, moshi unaisha, na ukihesabu unakuta tundu moja limekaa kimya na baruti yake tumboni. Hapo hakuna ujanja. Unangoja. Mkubwa wako anakuja anasema wachimbaji wa mashine wanakaa bure, unamwambia wakae. Anakuja tena, unamwambia tena. Sehemu kubwa ya kazi ya baruti ni kukaa chini na kukataa, na kwa hiyo kazi mimi nilikuwa na kipaji.

Halafu zikaja simu za mkononi. Simu karibu na nyaya za detonateri ni hatari, inaweza kuwasha kile ambacho hujakusudia kukiwasha. Kwa hiyo mke wangu Asha alinishonea mfuko wa kitenge wenye maua ya njano, na kila anayeshuka kwenye matundu aliiacha simu yake humo ndani. Mlilalamika sana! Mmoja wenu alisema bibi yake akipiga asipate jibu atafikiri yuko kwa mwanamke mwingine. Nikamwambia bora afikiri hivyo kuliko kufikiri vingine akiwa amevaa nguo nyeusi. Mfuko ule mnautumia mpaka leo, maua yameisha rangi, ila bado ni wa Asha.

Lakini kuna jambo la Kolwezi ambalo hakuna kitabu cha baruti kilichoniandaa nalo. Mahali pengine sirene, king'ora cha kutahadharisha, ikilia, watu wanakimbia kwenda mbali. Hapa kwetu, sirene ikilia wachimbaji wa mikono wanakimbia kuja. Wanajua kwamba baada ya sirene kuna mlipuko, na baada ya mlipuko kuna mawe mapya, yenye kijani na weusi wa kobalti, na wa kwanza kufika ndiye anayeokota yaliyo mazuri. Moshi haujaisha, wao wamo ndani na magunia. Siwalaumu. Vijana wametoka Kasai, wametoka Kivu, wametoka mbali kuliko mawe yenyewe, na tumbo halijui kengele. Nasema tu kwamba chombo kilichotengenezwa kufukuza watu, hapa kinawaita. Kila mlipuko wetu ulikuwa na hesabu hiyo ndani yake, na tulikuwa tukipeleka walinzi kwenye njia za magendo kwanza, kimya kimya, bila kutangaza, ndipo sirene ilie.

Sasa, ile siku.

Kampuni ilikuwa inafungua upande mpya wa kariere, kwenye njia ya kwenda Mutoshi, na wachimbaji wa mikono walikuwa wameahidiwa sehemu ya mawe yake. Alialikwa kiongozi wa kitaifa kutoka Kinshasa. Jina lake na cheo chake sitaandika, mnamjua, na asiyemjua hajapungukiwa. Tulimuita Mukubwa, nami nitamuita hivyo. Alikuwa mtu wa simu. Msemaji wa kazi alikuwa naye, ofisi nzima ya kumwandikia matangazo alikuwa nayo, lakini Mukubwa aliandika mwenyewe, kwa kidole chake, popote alipo, na watu wakampenda kwa hilo. Mimi pia nilikuwa nasomewa maneno yake na binti yangu na kucheka. Alikuwa na ulimi.

Ilipangwa abonyeze kitufe yeye mwenyewe, mlipuko wa heshima, chini ya hema lililowekwa juu ya kilima, mbali kabisa na matundu. Hilo nililikubali. Kidole ni cha yeyote, mradi ufunguo niutie mimi.

Asubuhi ile tulishusha baruti, tukajaza matundu, tukashindilia udongo. Tulikuwa karibu kumaliza nyaya aliposhuka Ingenieri Mado, mkuu wa kariere, mwanamke mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile alikuwa anatembea haraka. Simu yake aliiacha kwenye mfuko bila kukumbushwa.

"Tata Ramazani," akasema, "Mukubwa ameandika."

"Ameandika nini?"

"Kwa simu yake mwenyewe, kule kwenye nyumba ya wageni, wakati wa chai. Hakuambia mutu. Ameandika: Leo saa sita mi mwenyewe nafungua mulima huu. Mawe ni ya vijana wa Kolwezi. Mukuye bote!"

Kuwaita watu wote waje kwenye baruti! Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha wake. Halafu nikamtazama Mado usoni. Tukapanda pamoja kwenye ukingo na kutazama. Yarabi! Walikuwa wanakuja kwa pikipiki, watatu watatu, na kwa miguu, na magunia mabegani. Walitoka Mutoshi, walitoka upande wa Kingamyambo. Uzio wa upande wa kijito ulikuwa umekwisha kukatwa, na walinzi wetu wachache walikuwa wamesimama wakitazamana. Watu walikuwa wanakaa chini kwenye kingo za kariere, juu kabisa ya matundu yetu, kama wanaongoja mpira uanze. Kwao lilikuwa jambo jema: kiongozi wa nchi amewaita.

"Tukipiga sirene tunawaita waingie ndani kabisa," akasema Mado.

"Tusipopiga, hawatoki," nikasema.

Nilimwomba darubini yake. Nikapitisha macho kwenye ule umati taratibu, kama Tata Kabemba alivyokuwa akipita kwa miguu. Chini ya ukingo, karibu na nyaya, niliona beseni la kijani. Nilirudisha darubini. Mama Feza alikuwa ameketi juu ya beseni lake lililogeuzwa, kitambaa kichwani, anaongea na wanawake wenzake na kucheka.

Nilikula bukari ya mwanamke yule nikiwa kijana nisiye na kitu. Nikaipapasa kamba shingoni, nikashuka kuwaambia wenzangu waondoke kwenye matundu wote, niliwaita majina, walijibu kwa midomo, ndipo nikapanda kwenye hema.

Mukubwa alikuwa amefika. Viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, muziki, maji baridi, watu wa kamera. Nilimsalimu kwa heshima zote, nami bado nampa heshima hiyo. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, na lazima niseme alielewa haraka. Hakuwa mjinga. Tatizo halikuwa kuelewa.

"Mzee," akaniambia, "unataka mi nifanye nini? Nisiongee na bantu yangu?"

"Hapana, Mukubwa. Uongee. Wamekuja kwa simu yako, uwarudishe kwa simu yako. Andika kwamba leo hakuna moto wa baruti, hakuna mawe, warudi nyumbani."

"Saa ya chai nimeandika ndiyo, saa sita niandike apana? Unajua bapinzani yangu batasema nini kesho?"

"Watasema bantu bote balirudi nyumbani, bazima."

Wasaidizi wake walinguruma. Yeye aliinua mkono wakanyamaza, halafu akanijibu neno ambalo lilinigusa, na sitalificha. Akasema, "Hii makampuni ilipasua milima miaka yote bila kuambia mutu. Manyumba ya bantu ilipasuka. Hakuna mwenye alibandika ata karatasi. Leo mi niko naambia bantu kwa kinywa yangu mwenyewe, weye unaniambia ni hatari? Hatari ni kunyamaza."

Ilikuwa kweli. Dada yangu Zaina ana ukuta uliopasuka kutoka dirishani mpaka chini, na hakuna aliyemwambia siku ile atoe watoto ndani. Jibu lililonijia lilikuwa la Tata Kabemba. Nikasema, "Mukubwa, kuambia watu ni vizuri. Lakini ulipoandika ulikuwa unaona nini? Ulikuwa unaona kikombe cha chai. Ungeniuliza, ungemuuliza Ingenieri, tungekuambia andika kesho, andika mukae mbali, tungekushikia na simu uandike. Mi sisemi ufunge mdomo. Nasema usibonyeze kabla ya kutembea."

Mkurugenzi wetu akanishika bega, akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Ramazani, toa ufunguo."

"Sitoi, shefu."

"Ni amri."

"Nimeisikia. Sitoi. Chini pale kuna watu, na mmoja wao ni mke wa aliyenivisha ufunguo huu. Mkitaka kulipua, mnivue wenyewe mbele ya hizi kamera."

Halafu nikakaa. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa na kitambaa kilichotariziwa, kumbe kilikuwa cha mke wa mtu mkubwa, na nilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Nilikaa hivyo hivyo. Ingenieri Mado alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, na hakuondoka. Mwanamke yule alikuwa na kila kitu cha kupoteza, na nataka mlijue hilo.

Hakuna aliyenivua. Muziki ulikuwa bado unapiga, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima. Mwishoni Mukubwa alicheka, kicheko cha kamera, akasema, "Basi, ata picha?" Wakaleta sanduku mbele yake. Akavaa kofia yetu ya kazi, akaweka kidole juu ya kitufe, akatazama mbali kama mtu anayeona mustakabali wa taifa. Wakapiga picha. Sikuzuia. Sanduku bila ufunguo ni sanduku tu, hata mtoto mchanga anaweza kulibonyeza.

Lakini yeye akaiweka picha ile kwenye ukurasa wake pale pale, kabla hata ya kupanda gari, na chini yake akaandika: Nimefungua. Kisha msafara ukaondoka na vumbi lake.

Kule chini wakaisoma. Nimefungua? Hawakusikia mlio wowote. Wengine wakasema mlipuko umetokea upande mwingine, wakaanza kushuka kuyatafuta mawe, mguu kwa mguu juu ya nyaya zetu. Wengine wakasema kampuni imewadanganya, mawe yamefichwa. Hapo ndipo tuliposhuka, mimi, Mado, na kikosi changu chote, bila sirene, bila vipaza sauti, kila mtu kwa mdomo wake. Tulikwenda kundi kwa kundi. "Hakuna moto. Baruti iko chini ya miguu yenu. Rudini." Wapi! Walituonyesha simu. "Bongo, unatudanganya! Mukubwa mwenyewe ameandika, weye ni nani?" Jiwe likanigonga kofia. La pili likampata Mado kwenye mkono.

Mama Feza alisimama. Alinitambua kwa mwendo, alisema baadaye, kwa sababu nilikuwa natembea kama mumewe.

"Ramazani! Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Nionyeshe."

Nilifungua shati nikautoa. Aliushika mkononi, akautazama, akaipitisha kamba kati ya vidole vyake. Aliifua kamba ile miaka mingapi? Aliujua ufunguo ule kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye hema. Halafu aligeuka, akaokota beseni lake na kulipiga kwa jiwe, paa, paa, paa, mpaka waliokuwa karibu wakanyamaza.

"Ufunguo iko huku!" akapiga kelele. "Ile ya mu simu ni picha tu! Chini ya matako yenu kuna baruti. Mwenye anataka kufa abakie, mwenye anataka kula bukari kesho anifuate!"

Wakacheka. Nani asiyedaiwa samaki na Mama Feza, nani hajala kwake kwa mkopo? Alianza kutembea, wanawake wenzake wakamfuata, halafu vijana, wakinung'unika na kututukana njia nzima, lakini wakitembea. Sisi tulikwenda nyuma yao, tukikagua ukingo kwa ukingo. Tulilinda matundu kwa zamu, na asubuhi, baada ya kutembea eneo lote kwa miguu yangu, nikatia ufunguo na kubonyeza. Mlima ulishuka vizuri kabisa. Hakukuwa na muziki wala hema. Vijana walipewa mawe yao baadaye, nje, kwa utaratibu, kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo.

Hakufa mtu. Na kwa sababu hakufa mtu, ilionekana hakukuwa na hatari yoyote, ila mzee mmoja mwenye kichwa kigumu. Niliitwa ofisini. Nilidhani watanipa barua ya onyo, kumbe walikuwa wameandaa kamera. Nikae pale, nimtazame yule anayepiga, nimuombe Mukubwa msamaha kwa kumvunjia heshima, na video iwekwe kwenye ukurasa wake. Waliniandikia na maneno yenyewe, mazuri, ya unyenyekevu.

Nikasema, "Kama nimemkosea, niitieni yeye nimwambie uso kwa uso. Ukurasa sikuukosea."

Walinishawishi siku nzima. Mkurugenzi alisema nifikirie familia. Nilikuwa nimeifikiria familia, ndiyo sababu nilikataa: watoto wangu wangemuona baba yao ndani ya simu, akiomba radhi kwa kutoua watu, na video zile hazifi. Basi wakanitoa kwenye baruti na kunipeleka kwenye stoo ya kofia. Mado walimhamishia ofisi ya mbali ambako hakuna hata mlima. Mimi niligawa kofia mpaka nilipostaafu, na nyote mnajua nilikuwa nachungulia kila mkanda kabla ya kuwapa. Ufunguo sikuuacha mezani kwa mkurugenzi alivyoagiza. Niliuvua nikamvisha aliyenifuata, shingo kwa shingo, mbele ya kikosi, kama nilivyovishwa mimi.

Mmeniuliza mara nyingi, hasa mmoja wenu anayempenda sana Mukubwa, kama nataka viongozi wazuiwe kuandika. Sitaki azuiwe na mtu. Nataka ajizuie, na kama hawezi, aweke mtu mwenye ufunguo kati ya kidole chake na kitufe, mtu anayeweza kumwambia "ngoja" bila kupelekwa kwenye stoo ya kofia. Mimi nilikuwa na baruti, sheria ilinifunga mikono na ilikuwa sawa. Yeye anaita umati kwa kidole kimoja akiwa na kikombe cha chai, na mnasema ni uhuru wake? Uhuru gani, na watu wameketi juu ya matundu? Semeni mtakavyo, nimezeeka, sibadilishi.

Siku ya kuniaga, mlipokuwa mnakula keki, mmoja wenu alinionyesha simu yake. Mukubwa alikuwa ameirudisha ile picha: kofia ya kazi, kidole juu ya kitufe, macho mbali. Ameandika chini yake, Siku nilipofungua mulima wa vijana. Watu wengi sana walikuwa wameipenda, na wewe uliyenionyesha ulitaka kujua kama nimekasirika.

Nilikwambia uikuze hapo pembeni ya sanduku, na ukaikuza. Tundu la ufunguo liko wazi, tupu, unaweza kuona giza lake. Sijui kama kuna mwingine aliyeliona, na mimi sitamwandikia mtu kumwambia. Ila jueni kwamba kilichokosekana kwenye picha ile kilikuwa shingoni kwangu, na kwamba Mama Feza yuko pale pale kwenye njia ya Mutoshi, anauza bukari, na jana alinizidishia samaki.